Nani Aambiwe?

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu, na ninyi vijana mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti: nawashukuru kwa kuja. Nianze kwa kuwavunja moyo kidogo. Mmealikwa kusikiliza habari za makomando, na aliyesimama mbele yenu hajawahi kuwa komando hata siku moja. Nilitumikia jeshi miaka 22, yote katika ugavi. Mafuta, betri, viatu, maharage. (Kicheko.)

Chekeni, nami nilizoea kuchekwa. Lakini kuna usiku mmoja wa mazoezi ambao sijausahau. Kikosi cha vijana waliochujwa kwa shida kilipita ghalani kwangu jioni. Niliwapa betri za redio, mpya, zimejaa chaji, nimezihesabu kwa mkono wangu na kuzitilia saini. Saa mbili baadaye walikuwa porini na redio mabubu. Betri zilikuwa nzima. Redio nazo zilikuwa nzima. Ila zilikuwa redio za aina nyingine, zimebadilishwa wiki mbili kabla, na betri zangu hazikuingia. Hakuna aliyeniambia, kwa sababu zoezi lilikuwa la siri. Nilipolalamika nikajibiwa, “Mtu wa ghala anataka kujua ya nini?”

Swali hilo nimekaa nalo hadi nikastaafu, na ndilo nililowaletea leo. Katika operesheni ya kikosi maalumu, nani aambiwe na nani asiambiwe? Watu wakiulizwa kwa nini operesheni hizi hufaulu, husema ujasiri, shabaha, mazoezi makali. Sibishi. Lakini zile zilizovunjika nazo zilifanywa na watu jasiri, wenye shabaha, waliofanya mazoezi hadi kuchubuka. Ukizipanga mezani, zilizofaulu huku na zilizofeli kule, ujasiri unaukuta pande zote mbili. Unachokikuta upande mmoja tu, tena mara nyingi mno hata isiweze kuwa bahati, ni kwamba aliyepaswa kujua alijua.

Kwanza niitetee siri yenyewe, nisije nikaonekana mtu wa kupayuka. Kwa kawaida ya vita, anayeshambulia huhitaji watu wengi kuliko anayejilinda. Kikosi maalumu huenda kinyume: watu 80 wanaingia palipo na 800. Mtaji wao ni mmoja tu, kwamba yule mwenye 800 hajui kama wanakuja. Na mtaji huo ni wa kupita. Mlinzi wa kwanza akishtuka, kila dakika inayofuata ni ya mwenye nyumba: taa zinawashwa, watu wanaamka, simu zinapigwa, magari yanakuja. Ndiyo sababu kazi hizi huhesabiwa kwa dakika, na ndiyo sababu watu wake huificha mipango kama mtu anavyoficha hela ya ada.

Ngome ya Eben-Emael nchini Ubelgiji ni mfano mzuri, ingawa waliofanya kazi ile walikuwa wavamizi na sina haja ya kuwasifu kwa dhamira yao. Alfajiri ya tarehe 10 Mei 1940, Wajerumani wasiofika 90 walitua juu ya paa la ngome hiyo kwa ndege zisizo na injini, zile zinazovutwa angani kwa kamba kisha zikaachiwa zielee kimya. Ngome ilikuwa na mamia ya askari, na mizinga yake ililinda Mfereji wa Albert. Waliotua walikuwa wamefichwa kwa miezi, wakijifunza bila alama za kikosi chao na bila likizo. Kwa walio nje, siri ilikuwa ukuta.

Kwa walio ndani mambo yalikuwa tofauti kabisa. Kamanda wa kundi lile, Luteni Rudolf Witzig, hakufika. Kamba ya ndege yake ilikatika ikiwa bado juu ya ardhi ya Ujerumani, akashuka shambani. Hebu fikirieni: kamanda yuko shambani kwenye nchi yake, watu wake wako juu ya paa la adui. Sajini mmoja, Helmut Wenzel, akashika uongozi, na kazi ikaendelea, kwa kuwa kila kundi dogo lilijua sehemu yake na sehemu ya jirani yake. Witzig alipata ndege nyingine, akafika saa kadhaa baadaye na kukuta mizinga mingi imekwisha kunyamazishwa. Siku iliyofuata ngome ilisalimu amri. Washambuliaji waliokufa pale juu walikuwa 6. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye ni kata, na pale hata sajini alikuwa kata.

Sasa nije kwenye ile ninayoipenda kuliko zote, na mniwie radhi nikikawia hapo.

Ni Januari 1945, kisiwa cha Luzon, Ufilipino. Karibu na mji wa Cabanatuan palikuwa na kambi ya wafungwa wa kivita, wengi wao Wamarekani, zaidi ya 500, wagonjwa na waliokonda, waliobaki baada ya wenzao wenye nguvu kuhamishwa au kufa. Wiki chache kabla, kule Palawan, Wajapani walikuwa wamewaua wafungwa kwa kuwachoma moto ndani ya mahandaki. Jeshi la Marekani lilikuwa linasonga mbele, na kila lilivyokaribia, uwezekano wa wale 500 kuuawa ulizidi. Kambi ilikuwa kama kilomita 50 nyuma ya mstari wa adui.

Kazi akapewa Luteni Kanali Henry Mucci, na askari 120 hivi. Nia yake ilikuwa kushambulia usiku wa tarehe 29. Alipofika alikutana na Kapteni Juan Pajota, kiongozi wa wapiganaji wa msituni wa Kifilipino, mtu aliyezijua njia zile kama mtu anavyojua njia ya kwenda kisimani. Pajota akamwambia neno ambalo makomando hawalipendi: ngoja. Usiku ule barabara iliyopita mbele ya kambi ilikuwa imejaa Wajapani waliokuwa wakirudi nyuma. Mucci alikasirika, inavyoelezwa, kisha akangoja. Kwangu mimi hapo ndipo operesheni ile iliposhinda, saa 24 kabla ya risasi ya kwanza. Ofisa mwenye kikosi cha kuchaguliwa, mwenye tarehe aliyokwisha kuipanga, amekubali kuambiwa na mwenyeji.

Siku ile ya kungoja haikupotea. Skauti wawili walivaa kama wakulima, wakaingia kibandani karibu na kambi na kuchora kila kitu: geti linafungukaje, minara iko wapi, walinzi wangapi. Wanavijiji nao walikuwa na kazi yao. Waliwafunga mbwa midomo na kuwatia kuku kwenye matundu ili kikosi kipite usiku bila makelele. Wengine walikusanya mikokoteni inayovutwa na nyati wa kufugwa, kwa sababu wafungwa wengi hawakuweza kutembea. Mimi mtu wa ugavi nikifika kwenye mikokoteni hiyo husimama kidogo. Mamia ya watu wasioweza kutembea, usiku, kilomita nyingi, na adui nyuma yao. Ungefungua geti kishujaa namna gani, kama huna mikokoteni umewafungulia njia ya kufia barabarani.

Jioni ya tarehe 30 askari wa Mucci walitambaa katika uwanja mtupu, usio na kichaka. Ndege ya Kimarekani ikapita chini juu ya kambi, ikizungukazunguka, na walinzi wakainua macho kuitazama. Pajota na watu wake walikuwa wameziba barabara penye daraja la mto Cabu, ambapo upande wa pili palikuwa na Wajapani wengi. Wapiganaji wa Kapteni Eduardo Joson waliziba upande wa mjini. Saa moja na dakika 45 usiku risasi zikaanza, na kama nusu saa hivi kambi ilikuwa tupu. Wajapani walijaribu tena na tena kuvuka lile daraja na Pajota akawazuia. Msafara ukaondoka, mikokoteni ikaongezeka njiani kijiji baada ya kijiji hadi ikapita 100. Askari wa Mucci waliouawa walikuwa wawili.

Sasa hesabuni walioambiwa. Wapiganaji mamia. Vijiji vizima. Hata waliowafunga mbwa! Kwa mtu aliyenijibu ghalani ule ni uzembe mtupu. Lakini kila aliyeambiwa pale alikuwa na kipande cha kazi ambacho bila yeye kingebaki wazi, na hakuambiwa zaidi ya kipande hicho. Sisi tuna msemo, mgeni njoo mwenyeji apone. Luzon mgeni ndiye aliyepona kwa mwenyeji.

Kuna operesheni mbili zilizopishana kwa miezi minne tu ambazo napenda kuziweka pamoja, maana zinafanana mno kwa sura.

Oktoba 1977 ndege ya Lufthansa ilitekwa, ikazungushwa nchi kadhaa, rubani wake Jürgen Schumann akauawa ilipokuwa Aden, na mwisho ikatua Mogadishu. Ujerumani Magharibi ikapeleka GSG 9, kikosi chake maalumu cha polisi cha kupambana na ugaidi, chini ya Ulrich Wegener. Kabla ya lolote, waliomba ruhusa ya serikali ya Somalia, wakapewa, na zaidi ya ruhusa wakapewa msaada. Usiku wa kuamkia tarehe 18 askari wa Kisomali waliwasha moto mbele ya ndege ile. Watekaji wakaenda chumba cha rubani kuchungulia kuna nini, na wakati macho yao yako mbele, Wajerumani wakapanda ngazi na kufungua milango ya juu ya mabawa na ya nyuma. Mateka 86 waliokuwa ndani walitoka hai. Ni moto tu, jamani. Lakini moto wa mwenyeji.

Februari 1978, Larnaca, Cyprus. Watu wenye silaha walikuwa wamemuua mwandishi na mhariri wa Kimisri Youssef Sebai mjini Nicosia, wakashika mateka, wakapewa ndege, ikakosa pa kutua na kurudi. Wacyprus walikuwa wanazungumza nao. Misri ikatuma makomando kwa ndege ya kijeshi bila kuwaambia Wacyprus kwamba ndani mna makomando waliokuja kupigana. Walipotoka mbio kuelekea ndege iliyotekwa, askari wa Cyprus waliona jeshi la kigeni limevamia uwanja wao, wakafyatua risasi. Makomando 15 wa Misri walikufa kwa mikono ya watu ambao hawakuwa adui zao, na nchi hizo mbili zikakatiana uhusiano. Wale makomando walikuwa watu hodari. Waliuawa na siri iliyofichwa kwa mtu asiyestahili kufichwa.

Niende haraka kidogo, naona mwenyekiti anatazama saa.

Aprili 1980, Iran. Wamarekani zaidi ya 50 wameshikiliwa Tehran. Mpango wa kuwatoa ulikuwa na hatua nyingi mno, na mimi nikiusoma natokwa jasho: helikopta 8 zitoke kwenye manowari Nimitz, zikutane jangwani usiku na ndege zilizobeba mafuta na kikosi cha Kanali Charles Beckwith, zijaze mafuta, zikipeleke kikosi hadi maficho karibu na Tehran, kisha usiku wa pili ndipo kazi yenyewe. Helikopta zilikuwa za jeshi la majini, waliozirusha wengi wao walikuwa wa kikosi cha Marines, ndege za mafuta zilikuwa za jeshi la anga, na waliobebwa walikuwa wa nchi kavu. Vyombo hivyo vyote havikuwahi kufanya zoezi moja kamili pamoja, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kila mmoja alijifunza kivyake, kwa ajili ya siri.

Njiani helikopta ziliingia kwenye mawingu ya vumbi jepesi linaloning'inia hewani bila upepo mkali, jambo linalojulikana katika jangwa lile. Wataalamu wa hali ya hewa walilijua. Lilikuwa limeandikwa kwenye nyaraka za mpango. Marubani hawakuambiwa, kwa kuwa utaratibu wa siri uliwatenga na wale wataalamu. Ndege kubwa zilizotangulia zilipita kwenye vumbi lile lile, lakini onyo halikufika nyuma. Helikopta moja ilikuwa imekwisha kuachwa jangwani kwa hitilafu. Nyingine vifaa vyake vilianza kuharibika katikati ya vumbi, rubani hakuona kitu, akageuza kurudi melini. Hakujua kwamba mbele kidogo tu anga lilikuwa safi. Hakukuwa na wa kumwambia.

Ya tatu ilifika ikiwa na hitilafu, haikuweza kuendelea. Zikabaki 5, na mpango ulikuwa umesema mapema kwamba chini ya 6 hakuna kwenda. Beckwith akashauri kazi isitishwe na Rais Carter akakubali. Hapa nataka niseme jambo ambalo wengi hawalisemi: uamuzi ule ulikuwa sahihi. Mtu aliyesafiri hadi katikati ya jangwa la adui, na miezi ya mazoezi mgongoni, akaweza kusema “turudi” kwa sababu namba iliyowekwa kwa akili tulivu imefika, huyo ni kamanda. Ingekuwa namba hiyo haikuwekwa kabla, wangeikuza 5 ikawa 6 kwa matumaini. Maafa yalitokea wakati wa kuondoka: helikopta ikaigonga ndege ya mafuta, watu 8 wakafa. Miaka iliyofuata Marekani ilivipanga upya vikosi vyake, ikaunda kamandi ya pamoja na kikosi cha kudumu cha marubani wanaoishi na kufanya mazoezi na watu watakaowabeba. Gharama ya somo lile mmeisikia.

Miaka 10 kabla, Wamarekani hao hao walikuwa wamefanya kazi nyingine ambayo ukiitazama mlangoni haina kasoro kubwa. Novemba 1970 watu 56 walishuka gereza la Son Tay, Vietnam Kaskazini, si mbali na Hanoi, kuwaokoa wafungwa wa kivita. Walikuwa wamejifunza kazi hiyo mara nyingi sana kwenye mfano wa gereza, hadi helikopta moja ikaangushwa makusudi ndani ya ua ili kuokoa sekunde. Hakufa hata mmoja wao. Wala hawakumkuta mfungwa hata mmoja. Walikuwa wamehamishwa tangu Julai. Sina la kuongeza hapo isipokuwa kwamba picha za angani hukuonesha paa, hazikuambii nani amelala chini yake. Hayo huambiwa na mtu.

Na Mogadishu tena, Oktoba 1993, mchana kweupe. Kikosi cha Marekani kilikuwa kimekwisha kufanya misako kadhaa kwa mtindo ule ule, helikopta na kamba, na watu wa mji walikuwa wanahesabu zinaporuka uwanjani. Siri iliyorudiwa rudiwa mbele ya macho ya watu si siri tena. Kazi ya saa moja hivi ikawa usiku kucha, Wamarekani 18 wakafa, na Wasomali waliokufa walikuwa mamia. Waliokuja kuwatoa asubuhi walipanda magari ya deraya ya Malaysia na vifaru vya Pakistan, waliokuwa mjini kulinda amani kwa niaba ya Umoja wa Mataifa, na msafara ule ulichukua masaa kupangwa kwa sababu wenye magari hawakuwa wameambiwa mapema kwamba huenda wakahitajika. Majirani wa mji mmoja!

Vijana wananipungia mkono, najua wanachotaka. Entebbe. Haya.

Mwisho wa Juni 1976 ndege ya Air France ilitekwa baada ya kutoka Athens, ikapelekwa Benghazi, kisha Entebbe, Uganda. Watekaji waliwaachia abiria wengi wasio Waisraeli, wakarushwa hadi Paris. Huko wakaulizwa, kwa upole na kwa kina: watekaji wangapi, wana silaha gani, mateka wamelala upande gani wa ukumbi. Jengo lenyewe lilikuwa limejengwa na kampuni ya Kiisraeli, michoro ikapatikana. Watu hupenda kusimulia ndege 4 za Hercules za jeshi la Israeli zilizoruka kilomita kama 4,000 usiku wa tarehe 3 Julai. Mimi huwafikiria wale abiria wa Paris, waliochoka, waliotamani kwenda nyumbani, wakichora ukumbi kwenye karatasi.

Na gari. Mmesikia habari za Mercedes nyeusi iliyofanana na ya Idi Amin. Ilikuwa nyeupe, ilipakwa rangi. Kuna mtu ilimbidi aitafute rangi ile. (Kicheko.) Walibeba na pampu ya kunyonyea mafuta, kwa kuwa ndege zisingeweza kurudi bila kujaza, na hawakuwa na hakika kama wangepata pa kutua. Hatimaye zilijazwa Nairobi.

Gari lile liliwafikisha karibu, halikuwafikisha mlangoni. Walinzi wa Kiganda waliwasimamisha, bastola zenye kiziba sauti zikatumika, haikutosha, na milio ya wazi ikasikika wakiwa bado makumi ya mita kutoka jengoni. Mtaji ukaisha pale. Kilichowaokoa ni kwamba hawakuhitaji kutafuta. Kila kundi lilijua mlango wake, na lilijua kwamba mateka wamo katika ukumbi ule. Watekaji wa ndani waliuawa kwa dakika chache. Mateka 102 walirudi. Watatu walikufa kwa majeraha ya pale, na kamanda wa kundi lililovamia jengo, Yonatan Netanyahu, akauawa nje ya jengo.

Mzee mmoja aliniuliza nje, kabla hatujaanza, mafanikio yanapimwaje. Nimelifikiria nikiwa nimekaa hapo. Lima, Peru, Aprili 1997, hutajwa kama kazi ya kupigiwa mfano. Mateka 72 katika nyumba ya balozi wa Japani, mahandaki yaliyochimbwa na wachimba madini huku muziki ukipigwa kwa sauti kubwa kuficha makelele, vinasa sauti vilivyoingizwa ndani, ofisa mstaafu wa jeshi la majini aliyekuwa miongoni mwa mateka akiwasiliana na walio nje. Makomando wa Peru wakashambulia wakati watekaji wanacheza mpira ukumbini. Mateka 71 wakaokolewa. Na mwaka 2015 Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika ikaamua kwamba mtekaji mmoja aliuawa baada ya kukamatwa. Yote mawili ni kweli, na anayewafundisha vijana wa vikosi hivi awafundishe yote mawili.

Hata Entebbe ina ukurasa ambao hausomwi sana. Waliosaidia, au waliodhaniwa kusaidia, walibaki palepale ndege zilipoondoka. Wakenya waliokuwa wakiishi Uganda waliuawa kwa kisasi. Bruce MacKenzie, aliyekuwa waziri Kenya na ambaye hutajwa kuwa alisaidia ndege kutua Nairobi, alikufa Mei 1978 ndege ndogo aliyokuwamo ilipolipuka angani, akirudi kutoka kuonana na Amin. Hakuna kati ya hao aliyewahi kushuka kwenye Hercules. Unapomwambia mtu kipande chake cha kazi, umemwingiza kwenye hatari ambayo wewe utaikimbia kwa ndege saa moja baadaye. Mpango unaoishia kwenye mlango wa ndege kufungwa umeandikwa nusu.

Palikuwa na mateka mmoja zaidi, Bi. Dora Bloch, mama mwenye umri wa miaka zaidi ya 70. Alikuwa amekabwa na chakula, akapelekwa hospitali ya Mulago mjini Kampala. Usiku makomando walipoingia ukumbini, yeye alikuwa kitandani kilomita zaidi ya 30 kutoka pale. Baada ya ndege kuondoka alitolewa hospitali na kuuawa. Mabaki yake yalipatikana mwaka 1979, Amin alipokwisha kuangushwa, katika eneo la mashamba ya miwa nje ya Kampala.

Mwenyekiti, nimemaliza. Yule kijana wa shati jeupe ndiye aliyenyoosha mkono wa kwanza.